Shairi Lililomfaa Kila Mtu

Paukwa!

—Pakawa!

Hiyo ni sauti ya walioshiba au ya wenye njaa? Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa mji, mji ukawa na mlango, mlango ukawa na wanawake nyuma yake. Niseme, nisiseme?

—Sema! Tamu tuimeze, chungu tukuachie mwenyewe!

Basi tegeni masikio. Hapo kale palikuwa na mji uitwao Mwangoni. Watu wa Mwangoni walikuwa wema, jamani. Wema kupita kiasi! Ukipika wali ukaungua, wanakwambia, “Mashaallah, una harufu ya moshi mzuri.” Ukijenga ukuta ukapinda, wanakwambia, “Mashaallah, unakwepa upepo.” Hakuna aliyemwambia mwenzake neno la kuuma. Mji mzima ulikuwa umejaa kuta zilizopinda.

Katika mji huo aliishi Mwanamvua na mdogo wake, Shekue. Wazazi wao walikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo Mwanamvua ndiye aliyekuwa dada, ndiye mama, na siku nyingine ndiye baba. Yeye alipika vitumbua. Shekue alikuwa fundi wa vitanda vya kamba, mikono yake hodari, moyo wake laini. Na moyo huo, wenzangu, ulikuwa umekwenda kwa binti mmoja wa pale mjini, Raya, na haukurudi tena.

Sasa sikilizeni desturi ya Mwangoni. Kijana akitaka kuoa, hapeleki mshenga. Anakwenda mwenyewe mlangoni kwa kina binti, siku ya mlango, na kuimba shairi alilolitunga. Ndani wanakaa wanawake wote wa nyumba ile na majirani zao, bibi, shangazi na wanawali. Wote wamejifunika leso za rangi moja. Binti haruhusiwi kusema wala kuinuka. Wale wengine wanafuata maneno ya shairi tu, hata kama mwimbaji wanamjua, kisha wanaulizana, “Anamwimba nani huyu?” Wakimtambua, wanamsukuma nje. Wakikosea, wakamsukuma mwingine, kijana anarudi kwao hadi mwaka ujao. Na mwisho ni mara tatu. Ukishindwa mara ya tatu, binti yuko huru kuimbiwa na wengine, na wewe huruhusiwi tena kuukaribia mlango ule.

Mwaka wa kwanza Shekue akatunga. Akamwimbia dada yake:

*Ewe mwezi wa angani, ewe ua la waridi,*
*Ewe lulu baharini, mwanga wako umezidi,*
*Macho makubwa usoni, mwendo wako maridadi,*
*Nakupenda wa moyoni, nakupa yangu ahadi.*

Mwanamvua akasikiliza. Moyoni akajiambia, “Hapa kuna kasoro.” Lakini alipomtazama mdogo wake, akaona meno yote yako nje kwa furaha. Atamvunjaje moyo? Akasema, “Zuri.”

Na rafiki yake Shekue, kijana mmoja anayeitwa Mbaruku, mwenye sauti nzuri kuliko wote pale mjini, akaruka juu. “Zuri? Dada, hili si zuri, hili ni ajabu! Ndugu yangu Shekue, usiliguse hata herufi moja!”

Shekue akaenda, akaimba. Ndani wanawake wakaulizana, “Mwezi? Lulu? Anamwimba nani huyu?” Mmoja akasema, “Labda ni yule binti wa jirani, ana macho makubwa.” Wakamsukuma binti wa jirani. Shekue akarudi kwao.

Mwaka wa pili Shekue akalisafisha shairi lake. Kulisafisha kwenyewe nako! Aliongeza mwezi mwingine tu, na nyota mbili. Safari hii Mwanamvua akaapa kwamba hatasema uongo. Wakati Shekue anaimba uani, yeye akamfungua mbuzi wao, akamleta mbele yake.

“Haya, endelea,” akasema. “Macho makubwa usoni, si haya? Mwendo maridadi, si huu? Shairi lako linamfaa hata mbuzi wetu. Ni bovu, Shekue. Bovu kabisa.”

Alisema kweli au hakusema?

—Kasema kweli!

Kasema kweli. Lakini kweli ile ilimsaidia nini yule kijana? Uso wake ulibadilika. Aliingia ndani, akafunga mlango, na chakula cha dada yake akakiacha kikapoa. Mbaruku akaja kumliwaza. “Wivu huo, ndugu yangu. Dada zetu hawataki tuoe. Liimbe vilevile!” Shekue akaliimba vilevile, kwa ukaidi, na wanawake wakamsukuma shangazi mmoja mwenye mume wake na mtoto mgongoni.

Mwanamvua alilia siku ile. Alililia ulimi wake, maana mwaka wa kwanza aliufunga pale ulipotakiwa kufunguka, na mwaka wa pili akauachia kama mbwa. Ilibaki mara moja tu. Ikipotea hiyo, Raya amepotea, na pengine mdogo wake naye amepotea. Akajifunga leso kiunoni. Akasema, “Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kweli nitamwambia, na hatavunjika. Njia ipo, nitaitafuta mpaka niione.”

Akaitafuta wapi? Hakuitafuta mbali. Asubuhi moja mama mmoja alileta kitanda kilicholegea. “Fundi, kitanda hiki kibaya, nikilala nazama.” Shekue hakukitukana kitanda, wala hakukisifu. Aliweka kiganja juu ya kamba, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. “Mama, kitanda chako kizima,” akasema. “Kamba hii ndiyo imelegea, na hii, na hii. Hii ya katikati ni imara, ndiyo iliyokibeba chote. Nitakaza kuanzia hapo.”

Mwanamvua aliyekuwa jikoni akaacha kitumbua kiungue. Alikuwa amekwisha kuiona njia.

Mchana akaketi karibu na mdogo wake. “Shekue, niimbie shairi lako lote.”

“Ili umlete mbuzi?”

“Mbuzi nilikosea, mdogo wangu. Nisamehe. Lakini sikukosea kuona kwamba kamba zimelegea. Leo nimekuja kubonyeza tu. Imba.”

Shekue akaguna, akakataa. Dada yake hakuondoka. Akaguna tena, akakataa tena. Dada yake bado yupo, tena amevuta kigoda. Mara ya tatu kijana akaimba, bila furaha, mwezi wake, lulu yake, nyota zake. Na kule mwisho kabisa, katika ubeti ambao hajapata kuuimba mbele za watu, akaupitisha mstari mmoja haraka haraka, kama mtu anayeficha kiraka:

*Kuku wote wakufata, nami ni mmoja wao.*

“Simama hapo!” Mwanamvua akasema. “Huo umeutoa wapi?”

“Achana nao. Miezi iliniishia nikaweka kuku. Mbaruku amesema niufute, ni aibu.”

“Huo ndio imara,” dada akasema. “Huo ndio uliobeba kitanda. Mwezi kila mtu anao, Shekue. Lulu hujawahi hata kuishika. Lakini hao kuku ni wa nani?”

“Ni wa Raya.”

“Kwani anawafanyaje?”

Na hapo, jamaa zangu, kijana akafunguka. Akasema Raya akikuna nazi huwaita kuku wote, kila mmoja kwa jina lake. Akasema wakigombania chicha, Raya huwaamua, huyu kaonewa, yule mchoyo, mpaka wenyewe wanatulia. Akasema mkononi ana kovu la mafuta ya moto, na akicheka huufunika mdomo kwa mkono uleule wenye kovu, kwa hiyo badala ya kuficha kicheko anakionyesha. Alisema kwa muda mrefu. Mwanamvua akamsikiliza mpaka mwisho, na mara hii moyo wake ulitulia.

“Mbona hayo hukuyaweka?”

“Hayo ni ya kawaida tu, dada. Shairi linataka mambo makubwa.”

“Wale wanawake nyuma ya mlango wamkisie kwa mambo makubwa? Yaweke hayo. Anzia penye kuku, ukaze kwenda nje.”

Akatunga. Dada akasikiliza, akabonyeza. “Hapa nimemwona. Hapa sijamwona. Hapa umejaza neno ili mizani itimie, lakini neno lenyewe halifanyi kazi.” Shekue akakasirika, akatoka, akarudi. Akakasirika tena, akatoka, akarudi. Mara ya tatu alikasirika lakini hakutoka. Alikaza kamba.

Siku ya mlango ikafika. Mji mzima ukajaa mbele ya nyumba ya kina Raya. Nani amesimama mbele kabisa, kavaa kanzu mpya, kajifukiza udi? Mbaruku! Na yeye alikuwa na haja yake na Raya, tangu zamani, ila alikuwa akingoja mwenzake ashindwe mara ya tatu. Kikulacho ki nguoni mwako.

“Leo tunasikia lile shairi la mwezi!” Mbaruku akapaza sauti. “Hakuna mfano wake hapa mjini!”

Mwanamvua akageuka taratibu. “Kweli, Mbaruku?”

“Kweli, dada.”

“Hakuna la kuzidi hilo?”

“Hakuna!”

“Hata wewe ungeliimba kwa moyo mmoja?”

“Kwa moyo mmoja, mbele ya watu wote hawa!”

“Basi limekuwa lako,” Mwanamvua akasema. “Mdogo wangu ametunga jingine. Hili la mwezi anakupa hidaya, wewe uliyelipenda kuliko wote. Nasi haja yako tunaiona kwa hiyo kanzu mpya, na mwenye zamu amekuruhusu. Tangulia, liimbe.”

Watu wa Mwangoni, wema kama walivyo, wakashangilia. “Mashaallah! Imba, Mbaruku!” Atasemaje sasa? Akikataa, sifa zake zote zilikuwa uongo. Akikubali, alijua vizuri ni shairi la namna gani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na leo aliyesifu alikuwa anapewa kata anywe mwenyewe. Akajipa moyo kwamba sauti yake itamwokoa. Akaimba. Na sauti kweli alikuwa nayo, hata ndege walinyamaza.

Ndani wanawake wakaulizana, “Lulu? Waridi? Mwendo maridadi? Anamwimba nani huyu?”

Sauti moja nzee ikasema, “Lulu? Mimi ndiye nilikuwa nikiitwa lulu, enzi zangu.”

“Ndiye! Ndiye huyo!” Wakamsukuma. Mlango ukafunguka, akatoka Bi Kirembo, bibi yake Raya, na mkongojo wake. Akamtazama Mbaruku kuanzia juu mpaka chini.

“Nimefika, mume wangu,” akasema. “Meno sina, lakini meno hukuyataja. Nishike mkono twende.”

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mbaruku alitafuta njia ya kupita asiione.

Wakati wote huo Shekue alikuwa amejificha nyuma ya dada yake. “Dada, na mimi wakinicheka?”

“Huenda wakakucheka,” Mwanamvua akasema, maana alikwisha kuacha kudanganya. “Lakini watakuwa wanajua unamsema nani. Nenda.”

Shekue akasimama mlangoni. Sauti yake haikuwa nzuri, ilikuwa na mikwaruzo. Akaimba:

*Wakuna nazi waita, vifaranga na mamao,*
*Chicha wakishaipata, wagombea haki yao,*
*Wewe hakimu wa vita, waamua kesi zao,*
*Kuku wote wakufata, nami ni mmoja wao.*

Kicheko kikapasuka ndani. Shekue akafumba macho, lakini hakuacha. Ubeti wa pili alijikwaa, mstari mmoja ukamteleza, akauokota na kuendelea. Akaimba kovu. Akaimba mkono unaofunika kicheko usikifunike. Ndani hakuna aliyeuliza “Anamwimba nani?” Hata mmoja! Mikono yote ilikuwa mgongoni kwa mtu mmoja, mlango ukafunguka kwa kishindo, na Raya akatokea mbele za watu, leso imemwanguka, mkono umefunika mdomo.

Watu wa Mwangoni wakainua sauti kama kawaida yao: “Mashaallah! Mashaallah! Halina kasoro!”

Raya akaushusha mkono. “Linayo,” akasema.

Watu wakatazamana, neno kama hilo hawakuwa wamelizoea.

“Ubeti wa pili unachechemea,” Raya akasema, anamtazama Shekue peke yake. “Tena umemsahau tetea wangu mweusi, na yeye ndiye mgomvi wao wote.”

Watu wakamtazama Shekue waone kama atavunjika. Kijana akacheka, akakaa pale pale mlangoni, juu ya kizingiti.

“Huyo mweusi anaitwaje?” akauliza. “Niambie tuukaze.”

Raya akakaa upande wake. Mwanamvua akawaacha, akaenda kuwasha jiko, maana harusi inataka vitumbua vingi.

Hadithi yangu imefika kwenye kizingiti, nami naketi. Iliyokuwa tamu chukueni mkale na watoto. Na palipolegea msinidanganye kwa “mashaallah”. Nibonyezeeni hapo, niisikie kamba.