Kwa Nini Paka Huegemea Mguu wa Mtu

Mnamwona paka anakuja, anajisugua mguuni, mnasema ana njaa huyo. Haya. Lakini kulikuwa na wakati paka hamgusi mtu hata kidogo. Aliingia nyumbani kwa sababu ya panya, akishashiba alijilaza pembeni, na miguu ya watu aliikwepa kama anavyokwepa maji. Watu nao hawakuona ubaya. Kaeni vizuri niwaambie mambo yalivyobadilika, na huyo anayetafuna muwa atafune taratibu, maana muwa nao umo katika habari hii.

Huko milimani aliishi mjane mmoja mfinyanzi, jina lake Nakiete, mwepesi wa mikono na mwepesi wa ulimi. Paka wake aliugua homa kali akiwa na mimba. Alizaa mtoto mmoja tu, jike, naye mwenyewe hakupona. Nakiete alimlea yule mtoto kwa maziwa ya mbuzi, na mtoto akafumbua macho, akanenepa. Siku aliyosimama ndipo ilipojulikana kuna jambo. Kichwa kilitetemeka. Akitaka kwenda kulia, miguu inampeleka kushoto. Akiinua mguu mmoja, ile mitatu inagombana, na puu, ubavu chini! Hakuumwa popote. Kichwa chake na miguu yake havikusikilizana, basi. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, na wala hakuonekana kuona haya.

"Mtupe huyo, mama," majirani walimwambia. "Nyumba imejaa vyungu vibichi, na paka wa namna hiyo, wapi na wapi?"

Na kweli, siku ya kwanza alivunja vyungu vinne. Nakiete alifoka mpaka sauti ikamkauka. Kisha akamwokota kati ya vigae, akamwona anamtazama huku kichwa kikitikisika, hasira zote zikamwisha. Alimpenda, niongeze nini tena?

Akaanza kuipanga nyumba upya. Vyungu vibichi akavipandisha juu ya uchaga. Chini akatandaza majani makavu ya migomba ili mwenzake akianguka aangukie palipo laini. Akamfinyangia bakuli zito, pana kitako, lisilopinduka, na wakati wa kula alimshika mbavu kwa viganja viwili, maana bila hivyo pua ilipitiliza maziwa ikagonga ukingo. Mwisho akamfundisha kutembea. Alisimama karibu naye, akamwegemeza ubavu kwenye mguu wake, akapiga hatua moja ndogo na kumwambia, "Sogea." Hatua nyingine, "Sogea." Miezi ikapita hivyo, mpaka yule paka akawa anakwenda naye kisimani na kurudi, ubavu umeshika mguu, na neno hilo likawa ndilo jina lake. Sogea.

Kijijini hawakumwita hivyo. Walimwita Mlevi. Akipita uwanjani anapepesuka, walicheka, "Leo Mlevi kazipata mapema!" Nakiete naye alicheka. Utani ni utani.

Sasa katika kijiji kile ilikuwapo dengelua ya tambiko, pombe ya miwa iliyowekwa kwenye mtungi wake maalumu, na mtu haruhusiwi kuionja kabla wazee hawajaimwaga chini kuomba mvua. Mtunza mtungi alikuwa Mzee Kirumbe, mtu wa heshima zake. Asubuhi moja, zimebaki siku chache tambiko lifanyike, mtungi ulikutwa nusu. Kijiji kikashikwa na hofu. Nani kathubutu?

"Mnauliza nini?" alisema Kirumbe, huku akitafuna tangawizi. "Katika kijiji hiki ni nani anayepepesuka mchana kweupe? Si nyinyi wenyewe mnaomwita Mlevi?"

Watu wakatazamana. Jina walilompa kwa mzaha likageuka ushahidi. Hata waliomjua Sogea tangu mdogo wakaanza kusema ehee, kumbe ndiyo maana. Na adhabu ya kugusa mtungi ilikuwa moja, kwa mtu au kwa mnyama: kuvushwa mto na kuachwa msituni. Paka mzima angeishi huko. Sogea asingemaliza siku moja, na Nakiete alilijua hilo vizuri.

Akaenda kwa mfumwa, yaani mkubwa wa kijiji, akapiga magoti. "Mfumwa, mlevi akinyimwa pombe hunyooka. Mchukue umweke kwako siku tatu, umpe maziwa na maji tu, umfungie mlango. Siku ya nne atembee mbele ya watu wote. Akinyooka, ni mwizi, mvusheni mto. Akipepesuka, ndivyo alivyozaliwa, mniachie mwanangu."

Mfumwa akaona ni haki. Nakiete akamwachia na lile bakuli zito, akamwonyesha jinsi ya kumshika mbavu. Siku tatu hizo hakufinyanga hata kifuniko.

Siku ya nne asubuhi kijiji kizima kilikusanyika. Mzee Kirumbe alifika wa kwanza kabla ya watu wote, akakaa kwenye kigoda upande wa pili wa uwanja, tangawizi kinywani, wala hakuinuka kumwamkia mtu. Watu walijipanga safu mbili, toka mlangoni kwa mfumwa hadi alipokuwa Nakiete, karibu na kigoda kile, kila mmoja akitaka kuona vizuri. Walisukumana, miguu ikakaribiana.

Mlango ukafunguliwa. Sogea akatoka, kichwa kinatetemeka, akaona miguu. Miguu mingi! Akaegemea wa kwanza, akasogea. Akaegemea wa pili, akasogea. Mguu baada ya mguu, ubavu umeshika, anateremka na ile safu bila kuanguka hata mara moja.

"Amenyooka!" mtu akapaza sauti. "Jamani, pombe imemtoka!"

Masikini Nakiete. Kile alichomfundisha kwa miezi yote ile ndicho kilichokuwa kinampeleka msituni. Akawaza ni lazima amtoe pale penye miguu, aje peke yake uwanjani, watu waone. Akaita kwa sauti yake yote, "Sogea! Sogea huku!"

Mzee Kirumbe akashtuka kwenye kigoda. Yeye hakujua jina la yule paka. Alijua Mlevi tu. "Nani unamwambia asogee?" aliwaka. "Mimi? Mwanamke unaniamrisha mimi?" Akainuka kwa hasira kumwendea.

Lo! Alipoinuka, mguu mmoja ulikwenda kaskazini na mwingine ukafikiri kwanza. Akapiga hatua mbili za ubavu. Sogea alikuwa ameshaitikia jina lake, ametoka kwenye safu, anapepesuka uwanjani peke yake, anatafuta pa kushika. Mguu wa karibu ukawa wa Mzee Kirumbe. Akauegemea. Na mzee wa watu, aliyekuwa ameshikiliwa na hasira tupu, akaanguka chali, na paka akamwangukia kifuani.

Mfumwa akasogea, akainama, akanusa. Tangawizi ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake; dengelua nayo ilinuka.

"Huyu paka nimemlaza kwangu siku tatu, hajaonja kitu, na anaanguka," alisema. "Wewe je, Mzee Kirumbe?"

Kicheko kilichozuka hapo kilisikika mlima wa pili. Kwa kuwa Kirumbe alikuwa mzee, na kwa kuwa Nakiete alimwombea, hakuvushwa mto; alinyang'anywa mtungi, akapewa kazi ya kumbebea Nakiete udongo msimu mzima. Sogea alimzoea. Walikuwa wakipandisha kilima asubuhi, mzee na kapu lake, paka ubavuni, na hakuna aliyejua ni nani anayemshika mwenzake.

Siku ile watu waliona aibu kwa lile jina. Kila aliyeegemewa mguu kwenye safu alimletea Sogea kitu: huyu maziwa, huyu utumbo wa samaki. Paka wengine walikuwa wamekaa juu ya ukuta wanatazama, na paka, mnamjua, hafundishwi jambo la chakula mara mbili.

Na tangu siku hiyo paka wote huja kuegemea mguu wa mtu, hata walio wazima wa miguu yote minne. Wengi wanaiga tu. Lakini paka akikuegemea, usiondoe mguu haraka. Simama kidogo, umwache apite. Hujui kama huyu ni mwigaji au ni wa ukoo wa Sogea, na wa ukoo wa Sogea ukimwondolea mguu ataanguka.