Punda na Kisima cha Mheshimiwa Fisi

Usinibinulie mdomo, Mwanaidi. Wayunani wa kale walikuwa wakimfukuza mkubwa kwa kura za vigae vya vyungu. Nilifundishwa darasa la sita. Na wanyama wao je, walikosa akili? Haya, paukwa! Itikieni vizuri, si kwa miayo.

Hapo zamani za kale, huko Uyunani, wanyama walikuwa na kisima kimoja. Kila mwezi madume walikutana hapo, wakasemezana uso kwa uso. Mlinzi wa kisima akiwa mbaya, kila dume alitupa kigae, naye akahamishwa miaka kumi.

Punda jike, mchota maji wao, akauliza, "Na mimi kigae changu?"

Beberu akamwambia, "Wewe ni wa kubeba, dada. Beba."

Akabeba mpaka akafa.

Miaka ikapita, ikafika hii yetu. Kila mnyama akapewa kura, hata majike, hata wabebaji. Punda jike mwingine, wa ukoo wa yule wa kale, akampigia kura Fisi, aliyeapa kwamba kisima hakitafungwa. Fisi akashinda, akahamia kilimani, akazungushia kisima ua. Punda akawa anampandishia madumu, na mtoto wake nyumbani ulimi umekauka.

Punda akamwendea Fisi. Kasuku wa mlangoni akasema, "Mheshimiwa yuko kikaoni."

Akaenda tena. "Mheshimiwa kasafiri."

Akaenda mara ya tatu. "Mama, si ulishapiga kura? Subiri miaka mitano."

"Mwanangu hana hata siku tano!"

Akashuka, akatua madumu, akaketi kando ya ua. Mbuzi akaketi. Kuku akaketi. Madume na majike wakaketi, wakasemezana kama wale wa kale, ila safari hii hakuna aliyeambiwa abebe.

Kilimani maji yakaisha. Siku ya tatu Fisi akashuka, ulimi nje.

"Punda, maji yangu yako wapi?"

"Karibu kikaoni, Mheshimiwa."

Fisi akaung'oa ua kwa meno yake mwenyewe. Mtoto wa Punda akanywa wa kwanza.

Mnashangilia nini? Uchaguzi uliofuata walimchagua Fisi tena.

Funzo ni hili: wale wa kale walikaa kisimani kila mwezi, wakawafungia wenzao nje. Sisi tumeingizwa wote, tukapiga kura siku moja, tukaenda kulala.

Hadithi imeishia hapo, mwenye kiu akachote. Mimi nimechoka. Natoka, na mlango naufunga.