Muswada wa Pili wa Tumpe

Tegeni sikio mapema, kwa sababu hukumu ya hadithi hii haijatolewa, na atakayesinzia katikati hatakuwa na haki ya kubishana mwishoni.

Katika mji wa Tukuyu, ambako mvua huingia bila kubisha hodi, waliishi wasomaji watatu wenye ugonjwa mmoja. Hawakuvitaka vitabu vilivyokwisha kusifiwa. Walitafuta vile ambavyo mwandishi amelipia uchapaji mwenyewe, akavitia mfukoni na kuviuza mlangoni mwa kanisa au stendi. Kila Jumamosi walikutana mgahawani kwa Mama Sekela na kuweka mezani walichokiokota.

Bupe alipenda riwaya za mapenzi, na kipaji chake kilikuwa kujua, kwa ukurasa mmoja tu, kama kitabu kina uhai. Kissa alipenda hadithi za upelelezi. Kitu kikipotea, hakutulia mpaka akione. Ipyana alipenda mashairi na hadithi za mizimu. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, mwenye mikono myepesi na subira ya kinyonga.

Meza yao ilikuwa na sheria moja: aliyekigundua kitabu ndiye mwenye kauli ya mwisho juu yake. Sheria hiyo haikuwahi kuwagombanisha, kwa kuwa kila kitabu kilikuwa na mgunduzi mmoja.

Katika mji huohuo aliishi Mwalimu Asajile, mjane wa kiume. Wale watatu hawakumjua, naye hakuwajua.

Mkewe, Tumpe, alikuwa mkunga. Aliandika riwaya asubuhi kabla ya zamu, akaichapisha kwa fedha zake, na hakumruhusu mumewe asome hata mstari. "Utasoma kikiwa kitabu," alimwambia. Nakala zilipofika kutoka Mbeya, zikiwa zimefungwa kwenye boksi, Tumpe alikuwa amelazwa. Akaagiza boksi lisifunguliwe mpaka arudi nyumbani alifungue mwenyewe. Kisha akamkabidhi mumewe muswada wa riwaya ya pili, ukiwa umefungwa kwa kitenge.

"Huu usiusome, Asajile."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu utausifu, na utakuwa unanisifu mimi. Mahali fulani kuna mtu asiyenijua. Akikigundua kile cha kwanza na kukipenda, mpe huu. Ausome, aamue uchapwe au uchomwe."

"Na mimi?"

"Wewe utakubali atakaloamua. Niapie."

Akaapa. Tumpe hakurudi nyumbani.

Siku ya kuanua matanga, wanawake wa ukoo waligawana vitu vya marehemu kama desturi inavyotaka: vitenge, vyombo, viatu. Asajile alikaa uani na wanaume. Boksi lile, ambalo hakuna hata mmoja wa wanawake hao aliyejua lina nini, lilitolewa pamoja na masufuria kwa binamu kutoka Kyela. Binamu alipokuta ni karatasi, akaziuza kwa mtu anayewagawia wauza karanga karatasi za kufungia. Asajile aliposhtuka, hapakuwa na nakala hata moja. Mchapaji naye akamwambia kazi ile imeshafutwa kwenye kompyuta.

Basi akabaki na kiapo kisichotimizika. Mgeni angekigunduaje kitabu ambacho hakipo? Aliuweka muswada kwenye sanduku la bati. Kila alipoutoa kuufuta vumbi, vidole vyake viligusa fundo la kitenge, vikasimama hapo, kisha vikaondoka.

Sasa pimeni mchango wa kila mmoja.

Bupe alinunua karanga stendi. Karatasi iliyozifunga ilikuwa ukurasa wa kitabu, hauna jina la mwandishi wala la kitabu. Ulieleza habari za mwanamke anayepasua kuni huku akisubiri mtoto wa jirani yake azaliwe. Hakuna zaidi ya hilo. Lakini Bupe alisimama katikati ya njia akisoma mpaka mwendesha bodaboda akamuuliza kama barabara ni ya baba yake. Jumamosi aliuweka ukurasa mezani.

"Da Bupe," Kissa akacheka, "umefika mahali pa kusoma mafuta ya karanga?"

"Cheka tu. Huyu ni mwandishi."

"Kwa ukurasa mmoja?"

"Kwani wewe ukionja mchuzi, unamaliza sufuria?"

Kissa akaacha kucheka, akaenda kutafuta. Alimbana muuza karanga, akamjua aliyemgawia karatasi, akamfuata hadi Kyela kwenye joto. Nakala zote zilikuwa zimechanwa isipokuwa moja, nayo ilikuwa imeinua mguu wa kabati. Mwenye kabati akakataa kuitoa.

"Kabati langu likianguka, kitabu chako kitalishika?"

Kissa akatoka, akarudi na tofali kichwani, akalisukuma chini ya mguu ule. Alichokipata kilikuwa hakina jalada. Mafuriko yalikuwa yamekilowesha, kurasa zimegandana, hakifunguki. Alikirudisha Tukuyu akijua amekipata, lakini hajui amepata nini.

Ipyana akakifungua. Mwingine angekitupa. Yeye alikishika juu ya mvuke, akazitenganisha kurasa mojamoja kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, akazikausha katikati ya magazeti masika nzima. Kila ukurasa ulioachia, aliusoma. Kwa hiyo yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kukisoma kitabu cha Tumpe toka mwanzo hadi mwisho. Siku aliyomaliza, wenzake walimkuta macho mekundu.

"Ni mvuke," akasema.

"Mvuke wa kutoka puani?" Bupe akamuuliza.

Mgongoni mwa ukurasa wa mwisho lilisomeka, kwa shida, jina la duka la uchapaji. Wakampigia mchapaji. Akawatajia mwandishi, akawaambia ameshafariki, na mumewe anaishi palepale Tukuyu.

Wakaenda wote watatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibuni."

Asajile alikipokea kitabu, akakiweka mezani, akakisogeza mpaka ukingo wake ukalingana na ukingo wa meza. Hakukifungua. Aliuliza maswali yake kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

"Mlimjua mke wangu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mmekisoma?"

"Tumekisoma sote," Bupe akasema. "Ipyana kwanza, kisha sisi."

"Mmekipenda?"

"Ndiyo," wakajibu, na hakuna aliyemtazama mwenzake kabla ya kujibu.

"Nani amekigundua?"

Wote watatu wakafungua vinywa. Kisha wote watatu wakavifunga.

Ndipo Asajile akaenda chumbani, akarudi na kile kifurushi cha kitenge, akawasimulia kiapo. Alipomaliza, mvua ilisikika juu ya bati, na chai waliyomiminiwa ilikuwa imepoa.

"Tuamue pamoja," Kissa akasema.

"Alisema mtu. Hakusema watu," Asajile akajibu. "Lakini niambieni, kila mmoja, angefanya nini."

"Ningeuchapa," Bupe akasema. "Bila kungoja. Mkono ulioandika ule ukurasa mmoja hauwezi kuandika kitu cha kuchomwa."

"Ningeusoma," Ipyana akasema, "na kama ni dhaifu kuliko kitabu hiki, ningeuchoma."

"We Ipyana!" Bupe akamaka. "Utachoma maneno ya marehemu?"

"Ndiye aliyesema uchomwe, dada. Wewe unadhani alikuwa anatania?"

Kissa akakisogeza kikombe chake kando. "Mimi," akasema, "kabla ya kuamua lolote, ningekupa wewe uusome, Mwalimu. Aliapisha mume, hakuniapisha mimi. Ukishakuwa mkononi mwangu, nampa nimtakaye."

Asajile aliona kwamba mikono yake imekwisha kukisogeza kifurushi upande wa Kissa. Akaivuta nyuma, akaibana magotini.

"Nataka sababu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya darasani. "Msiniambie mtaufanyia nini. Niambieni kwa nini ni wenu."

"Nilikipenda wakati hakijawa kitabu," Bupe akasema. "Wengine waliambiwa na mimi. Mimi niliambiwa na nani?"

"Ulipenda karatasi," Kissa akasema. "Ungeipigia pasi, ukaitunza, na hicho kitabu kingekuwa bado kiko chini ya kabati. Kugundua ni kupata. Nilikipata mimi."

"Ulipata tofali, ukaacha tofali," Ipyana akasema. "Mkewe alitaka msomaji. Mpaka nilipokifungua, hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa amekisoma."

"Na ungekifungua kipi kama nisingeleta?"

"Nawe ungeleta nini kama nisingenunua karanga?" Bupe akadakia.

Wakatazamana, wakageukia kwa Asajile. Yeye alikuwa ameushika muswada kwa mikono miwili. Alijua kwamba akimpa Kissa, kabla ya jua kuzama angeisikia tena sauti ya mkewe, na kwamba hilo ndilo Tumpe alilomkataza. Alijua kwamba akimnyima Kissa kwa ajili hiyo tu, atakuwa amemdhulumu mtu aliyebeba tofali kichwani kwa ajili ya kitabu cha mgeni. Alijua pia kwamba Ipyana anaweza kuuchoma, na kwamba yeye mwenyewe ndiye angemletea kiberiti, kwa sababu aliapa.

Akasimama. Nao wakasimama.

Basi ninyi mliosikiliza, semeni. Yupi ndiye mgunduzi: aliyekitambua, aliyekipata, au aliyekifungua? Lakini kabla hujataja jina, jichunguze kama unamchagua mwenye haki, au unamchagua yule atakayefanya unalolitaka wewe. Asajile amesimama na muswada mikononi, na watatu wanamtazama. Ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani?