Mbwa Aliyeitwa Toka

Kaduma alimpa mbwa wake jina la kumfukuza jirani. Siku ilipombidi kumwokoa jirani huyo, hakuwa na neno la kutumia. Tatizo ni hilo. Mengine yote ni maelezo.

Leo asubuhi pale mashineni mlimsikia Bibi Xaveria akimjibu yule fundi baiskeli. Fundi alikuwa analalamika kwamba mwanawe hafanyi kazi, kila akitumwa shambani anakutwa amelala kwenye matuta. Bibi akatua debe lake la mahindi, akamwambia, "Si wewe uliyemwita Goigoi tangu anatambaa? Mbwa aitwaye Toka, ukimfukuza huja." Watu wakacheka. Na ninyi mkacheka, halafu njia nzima mnaniuliza huyo mbwa ni wa nani. Haya, tueni mizigo. Nitawaeleza, lakini kicheko kitaishia njiani.

Methali hii ilianzia hapa hapa kwetu, kwenye viwanja viwili vilivyotenganishwa na mfereji. Kiwanja cha juu kilikuwa cha Kaduma na mkewe Leokadia. Cha chini alikaa Mwalongo, mzee aliyefiwa na mke, mwenye binti mmoja aliyeolewa mjini. Mwalongo hakuwa mzaliwa wa hapa. Baba yake Kaduma ndiye aliyemkaribisha, akamkatia ardhi mbele ya wazee, wakanywa pombe ya ulanzi, mambo yakaisha. Kaduma alikua akimwita Baba Mdogo, na Mwalongo alimwita mwanangu.

Baba huyo alipokufa na viazi vilipoanza kutafutwa na wenye malori, Kaduma akaanza kukitazama kile kiwanja cha chini kwa jicho jingine. Akaenda kwa wazee akitaka kirudi. Wazee wakamwambia baba yako alitoa, na mkono wa marehemu haurudishwi nyuma. Basi akarudi nyumbani. Lakini kuanzia siku hiyo hakumwita tena Mwalongo Baba Mdogo. Hakumwita lolote. Akitaka kusema naye, alikohoa.

Sasa mnajua desturi yetu. Neno ambalo mtu hawezi kulisema mdomoni, humpa mbwa. Mmeona nyumba zenye mbwa Mtasema, Sijali, Mnajisumbua. Jirani akilalamika, mwenye mbwa anajibu, "Mimi namwita mbwa wangu, kwani wewe ni mbwa?" Hapo huna la kumfanya.

Dada yake Kaduma akamletea mtoto wa mbwa, dume, mweusi, mwenye kifua cheupe. Alikuwa mdogo bado, tumbo limevimba minyoo, akitembea anaangukia pua. Usiku wa kwanza alilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Leokadia akamlaza kwenye tenga karibu na mafiga, akamfunika sweta kuukuu, naye akanyamaza.

Asubuhi Kaduma alitoka naye uani, akasimama ukingoni mwa mfereji, akapaza sauti ili isikike chini.

"Jina lako Toka! Umesikia? Toka!"

Leokadia alikuwa anakoroga uji. Akasema bila kugeuka, "Baba watoto, hilo neno tunalitumia."

"Tunalitumia wapi?"

"Kila mahali. Kuku akiingia ndani, mbuzi akisogelea mahindi. Mtoto wa mbwa hufundishwa maneno mawili kwanza, njoo na toka. Wewe umeyafanya yote mawili kuwa njoo."

"Wewe koroga uji."

Sitamsingizia Kaduma. Kulea mbwa alijua. Alimpa dawa ya minyoo, akamtoa kupe mmoja mmoja kwa vidole. Kila mbwa akimaliza kula au akiamka, alimbeba mpaka nyuma ya zizi ajisaidie huko, na hakuwahi kumsugua pua kwenye uchafu wake kama wajinga wafanyavyo. Alipotafuna ndala, alinyang'anywa ndala akapewa mfupa. Hakupigwa. Na jina alifundishwa hivi: Kaduma alichovya tonge la ugali kwenye mchuzi wa dagaa, akaenda mbali, akaita mara moja tu, "Toka!" Mbwa akija, tonge, na mkono kichwani. Asipokuja, haitwi tena. Kaduma alimsubiri.

Haikuchukua muda. Ungeita Toka kwa kunong'ona, mbwa yule angeruka uzio.

Lakini kila alipoita, Kaduma aligeukia chini. Asubuhi Toka. Mchana Toka. Jioni moshi wa jikoni kwa Mwalongo ukianza kupanda, Toka! Toka! Toka! Mzee alisikia kufukuzwa katika kila mlo wake.

Siku moja mtoto wa mbwa akavuka mfereji, akaenda kuketi mlangoni kwa Mwalongo. Mzee alikuwa na bakuli mkononi. Akamwambia kama mtu yeyote angemwambia mbwa, "Toka!"

Mbwa akasimama, akasogea, akatikisa mkia.

"Toka!"

Akasogea zaidi, akaweka miguu ya mbele kwenye goti la mzee.

"Toka wewe! Toka!"

Mbwa akapanda mapajani, akamlamba kidevu. Wanawake waliokuwa wakipita na kuni wakaangua kicheko mpaka mmoja akaangusha mzigo. Mwalongo naye akacheka. Akamega ugali, akampa.

"Kula," akamwambia. "Mimi na wewe tumetukanwa pamoja."

Tangu hapo mbwa akawa na nyumba mbili. Kazi ya kulinda aliifanya vizuri, nguruwe mwitu hawakugusa viazi vya juu wala vya chini. Ila hakuna aliyeweza kumwondoa mahali. Alipokuwa mdogo, Leokadia alimtoa jikoni kwa kumbeba. Alipokua, akawa anamsukuma kwa goti, huku mbwa akidhani ni mchezo.

Mwalongo akamfuata Kaduma kwenye mfereji. Alichagua maneno yake, alikuwa mtu wa hivyo.

"Mwanangu, sikuja kwa habari ya jina. Masikio yangu yameshazoea, siku hizi hata sisikii ukiita. Nimekuja kwa habari ya mbwa. Mbadilishie. Mbwa huyu hana neno la kumwondoa kwenye hatari. Siku akimsogelea nyoka, utamwambia nini?"

Kaduma akakohoa. "Kama jina linakukera, dawa yake unaijua."

"Haya," akasema Mwalongo, akarudi chini.

Shikeni hilo alilosema, kwamba masikio yamezoea. Kaduma alilisikia kama ushindi. Lilikuwa onyo.

Kwenye kiwanja cha Kaduma, juu kidogo ya mfereji, palikuwa na mkaratusi alioupanda baba yake. Kaduma akaamua kuuangusha apate mbao za jiko jipya. Kuangusha mti mkubwa si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anakata, mwingine anashika kamba iliyofungwa juu, auvute uelekee panapotakiwa. Kaduma hakumwomba mtu. Lakini Mwalongo aliposikia shoka, alivuka mfereji akaishika kamba. Hakuna aliyemwita. Huku kwetu ndivyo ilivyo, shoka likilia jirani anakwenda, wawe wanasalimiana au hawasalimiani.

"Nivutie wapi?" akauliza.

Kaduma akaonyesha kwa mkono shamba tupu la viazi, upande wa kulia. Mwalongo akashuka na kamba pembeni, mbali na njia ya mti. Mbwa akamfuata, akalala karibu na miguu yake.

Kulikuwa na upepo. Mti ulipoanza kulia, kamba ikanasa kwenye kisiki cha zamani. Mwalongo akageuka, akainama kuinasua, mgongo wake ukiwa kwa mti. Wakati huo huo upepo ukaushika mkaratusi kichwani ukauzungusha. Kaduma akaona shina linaacha njia yake, linageukia mfereji, linamgeukia mzee aliyeinama.

Akapiga kelele kwa pumzi yake yote.

"Toka! Toka! Toka!"

Mbwa akainuka. Alikuwa amefundishwa vizuri. Jina lake limeitwa, aliyeliita ni yule wa tonge, basi akapanda mbio, masikio nyuma, akinyoosha moja kwa moja kuelekea kwa Kaduma, chini ya mti uliokuwa ukija.

Na Mwalongo? Aliendelea kuhangaika na kamba. Alisikia sauti ile ile, kutoka pale pale, ikisema neno lile lile. Aliinua kichwa tu kumtazama mbwa akikimbia, na Leokadia aliyekuwa amesimama mlangoni anasema mzee alikuwa akitabasamu. Halafu kivuli kikamfikia. Akaruka. Mwili uliwahi, mguu haukuwahi.

Najua mnachotaka kuuliza. Hata mimi niliuliza. Kwa nini hakusema kimbia? Kwa nini hakumwita kwa jina? Nitawajibu. Mti ukianguka hakuna mwenye nafasi ya kuchagua. Kinywa hutoa kilichokizoea. Kaduma alikuwa amekizoeza kinywa chake neno moja kuelekea upande ule, kila asubuhi, kila mchana, kila jioni, na siku ile lilitoka lenyewe, safari hii kwa nia njema. Na lile neno jingine, Baba Mdogo, ambalo mzee angeligeukia hata usingizini, alikuwa hajalitamka kwa muda mrefu. Lilikuwa limeshika kutu kooni.

Watu walikuja wakauinua mti kwa magogo. Mbwa walimkuta amekufa, pua yake ikielekea kwa Kaduma. Mzee wakamfunga kwenye machela ya mianzi wakamteremsha hospitali.

Kaduma alimfuata. Alikaa siku ya kwanza nje, hakuthubutu kuingia. Siku ya pili akaingia, akasimama miguuni pa kitanda. Shuka upande mmoja lilikuwa limelala bapa.

"Baba Mdogo," akasema.

Mzee akafumbua macho. Akamtazama sana.

"Hilo ndilo ungeliita," akasema.

"Nilikuita. Nilikuambia utoke. Nilipiga kelele."

"Nilisikia."

"Sasa kwa nini..."

"Mwanangu, nilidhani unamwita mbwa."

Kaduma akaketi sakafuni.

"Na yeye," Mwalongo akauliza, "alifika?"

"Hakufika."

"Nilikuambia hana neno la kumwondoa."

"Uliniambia."

"Kumbe hata mimi sikuwa nalo," akasema mzee, akageukia ukutani.

Alipotoka hospitali hakurudi huku. Mtu anayetembea kwa magongo hawezi kulima mteremko wetu. Binti yake alikuja akachukua godoro, sufuria na picha ya mama yake, akafunga mlango, akampa Leokadia ufunguo, si Kaduma. Kiwanja cha chini kikabaki wazi kama Kaduma alivyotaka. Wazee wakamwambia sasa lima, mwenyewe ameondoka. Hakulima. Mnakiona mpaka leo, majani tu.

Leokadia ndiye aliyeanza kuisema methali. Hakuisema kwa hasira. Alikuwa anafagia uani, kuku wakaingia jikoni, akamwona mumewe anawatoa kwa kupiga makofi na kukanyaga chini kwa kishindo, mdomo umefungwa. Akaegemea fagio. Akasema, "Eeh, mume wangu. Mbwa aitwaye Toka, ukimfukuza huja." Majirani waliokuwepo wakaichukua, wakaenda nayo.

Sasa ninyi hutukana kwa majina, na mnaona ni ujanja kwa sababu hakuna wa kuwashitaki. Neno si jiwe, ukilirusha likaisha. Neno ni kama mbwa, linashika ulichokifundisha. Ukilifundisha dharau, siku utakayolituma likaokoe litakwenda na dharau yake, na mtu hatageuka.

Mmeniuliza mbwa alikuwa wa nani. Alikuwa wa Kaduma. Na hivi ndivyo vilivyomtoka Kaduma. Mbwa mwenyewe, ambaye hakukosea hata mara moja. Mguu wa Mwalongo, kuanzia chini ya goti. Mti wa baba yake, uliopasukia kwenye kisiki ukatoa kuni, usitoe hata ubao. Baba mdogo mmoja, wa mwisho aliyebaki. Na neno fupi ambalo kila mtu analo bure, la kumwambia kuku, la kumwambia mtoto aliye karibu na moto: yeye alizeeka bila kulitamka tena.

Mbwa aitwaye Toka, ukimfukuza huja.