Msandali wa Binti Mahfudha

Katika mji wa Zumaridi alitawala Sultani Nuumani bin Shadhili, mwenye enzi na hazina, lakini fahari yake haikuwa dhahabu bali bustani ya miti, na kila mjumbe aliyetaka kupokewa barazani pake ilimlazimu aje na mche wa kwao. Msimamizi wa bustani hiyo alikuwa Farjala bin Mabruki, aliyeingia humo ndevu hazijamwota na sasa zimekuwa nyeupe, na kila asubuhi aliipitia miti akiigusa magome na kuiamkia kwa majina. Nyuma yake alifuata Barkusi, jini aliyefungwa kwa pete ya Sultani ili achote maji katika chemchemi za mbali, na Farjala alimwamkia yeye pia, na wawili hao walipendana kama ndugu.

Mti uliopendwa kuliko yote ulikuwa msandali, uliopandwa na marehemu mke wa Sultani baada ya kumzaa binti yao, Mahfudha. Basi binti alipoposwa, Farjala akataka kujipendekeza, na kujipendekeza, jamani, kumewavunja wengi shingo. Akaing'oa miti midogo yote iliyouzunguka msandali, ili usimame peke yake na wageni wauone vizuri. Haukupita muda majani yakageuka manjano na kupukutika.

Sultani akaja, macho yamemwiva kwa hasira. "Farjala! Nani anauua mti wa mke wangu?"

Ulimi hauna mfupa. Farjala akasema, "Bwana wangu, mimi naulea kama mwanangu. Ila maji huletwa na Barkusi."

Jini alimtazama tu rafiki yake. Akatiwa katika mtungi wa shaba, ukazibwa kwa lakiri, ukawekwa ukumbini.

Hata Farjala alipokuwa akifukua kisiki kimoja kilichobaki, akaona ajabu: mizizi ya msandali imeng'ang'ania mizizi ya jirani yake, ikinyonya kama mtoto kifuani. Akafahamu kuwa amewafukuza walezi. Akapanda upya miti midogo kimya kimya, na mvua ziliponyesha msandali ukachipua.

Mji mzima ukasema, "Mnaona? Jini kafungwa, mti umepona!" Masikini Farjala, dawa yake imekuwa shahidi wa uongo wake, na kila aliyemsifu alimchoma moyo. Aliona haya, haya hasa, hata akaacha kuiamkia miti, kwa kuwa hakuwa na uso wa kuitazama.

Siku ya harusi Sultani akasimama mbele ya mawaziri, ameshika joho la hariri na mfuko wa dhahabu. "Ewe Farjala, uliyeitumikia miti yangu umri wako wote, sogea nikuvike."

Mtungi ulikuwa pale pale, kando ya kiti cha enzi. Farjala akaanguka magotini. "Usinivike, bwana wangu. Aliyeudhuru mti ni mimi, na aliyefungwa hana kosa." Akaeleza yote, machozi yakimtiririka ndevuni na bibi harusi akisikia.

Sultani akavunja lakiri kwa mkono wake mwenyewe, na jini akatoka.

"Barkusi, ulijua?"

"Nilijua, bwana. Nilimwona aking'oa."

"Mbona hukunena?"

"Sikuulizwa. Na tena, katika mji huu ni Farjala peke yake aliyeniamkia. Nilikuwa nikingoja aniamkie tena."

Sultani naye akainamisha kichwa, maana alihukumu bila kuuliza. Akamvua jini kifungo cha pete, akampa joho na dhahabu, na kwa Farjala akataka kuita upanga, lakini Mahfudha akasema, "Baba, niachie huyu anilelee mti wangu." Ndoa ikafungwa, karamu ikaliwa, na maharusi wakajaaliwa mali na watoto.

Barkusi, ingawa huru, hakwenda mahali. Dhahabu aliwagawia mafukara, joho akalitundika kwenye tawi la msandali, akaendelea kuchota maji kwa hiari yake. Na kila kulipopambazuka alitangulia yeye: "Sabalkheri, ndugu yangu Farjala." Na Farjala aliitikia huku ametazama chini, mpaka siku alipozikwa.

Basi ewe unayesoma, ukimsingizia mwenzio, omba akutukane. Akikusamehe, utamwona kila asubuhi.