Mkia Alioshonewa Care

Enyi mliokaa, mpo?

Tupo!

Niitoe?

Itoe!

Basi huko nyuma acheni kutafuna, maana hadithi hii ina fisi, na mimi fisi huyu bado sijamsamehe.

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi ya maneno ya Kiingereza. Maneno hayo yalizaliwa bila mikia. Yakikua, yalikwenda kwa Fisi, fundi wa mikia, kushonewa. Mkia wa ful ulikuwa mnene, maana yake kujaa. Mkia wa less ulikuwa mkavu, maana yake kukosa. Na adabu ya nchi ile ilikuwa mbaya, nasema mbaya: mkia wa mtu hausemwi mbele yake.

Alikuwepo dada mmoja, jina lake Care, yaani Kujali. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wa wenzake: Joy, yaani furaha, Hope, yaani tumaini, na Peace, yaani amani. Siku yake ilipofika, akaenda kwa Fisi.

"Fundi, nishonee ful, niitwe Careful, mwangalifu."

"Geuka, dada, geuka. Mkia hautazamwi ukishonwa."

Care akageuka. Kumbe yule mlafi alikuwa ameshaitafuna mikia yote ya ful kwa sababu ya mafuta yake! Ilibaki ya less tu. Akamshonea less, akamwambia, "Umependeza!" Care akashukuru, maskini, akarudi kwake akiimba.

Nyuma yake akaingia Harm, yaani Madhara, meno nje. Naye akashonewa less. Akatoka anaitwa Harmless, asiyedhuru, na kucha zake ni zile zile.

Asubuhi akaja mama Joy, akamchukua Joy.

"Kuna nini, mama Joy?"

"Hakuna kitu, dada."

Akaja mama Hope, akamchukua Hope.

"Kuna nini, mama Hope?"

"Hakuna kitu, dada."

Akaja mama Peace. Hapo Care akakaza mbeleko, mtoto mgongoni, akasimama mlangoni.

"Leo utaniambia!"

Mama Peace akatazama chini. "Mkia wako, dada. Ni wa less. Wewe ni Careless, mzembe usiyejali. Watoto tunawapeleka kwa Harm. Yeye ni Harmless."

"Kwa nani?"

Care hakungoja jibu. Akachomoka mbio, Peace mgongoni. Kwa Harm akamkuta Joy chini ya kitanda, analia. Hope ameng'atwa mkono. Harm analamba midomo. Care akanyakua mwiko, akampiga nao, akampiga tena, akampiga tena, mpaka Harm akaruka nje kupitia dirishani. Kisha akawabeba watoto wote, akatoka nao.

Mama zao wakaja mbio. "Asante, dada! Tusamehe, dada!"

"Sitaki asante!" Care akafoka. "Joy alipougua surua, nani alikesha naye? Hope alipokataa kula, nani alimbembeleza? Peace alishikwa mkono na nani alipoanza kutembea? Mmeniona napita na mkia huu, mkanyamaza. Mkauamini mkia kuliko mikono yangu!"

Mama zao wakawapokea watoto.

Wakaenda wote kwa Fisi, wakamkuta na mafuta mdomoni. Wakaufumua ule mkia wa Care, wakamshonea Fisi, kwa sindano yake mwenyewe, wakavuta uzi kwa nguvu zao zote. Ndiyo maana hadi leo fisi amechuchumaa kwa nyuma.

Na Care? Ful hazikuwepo tena. Wakamwambia angoje, watamtafutia.

"Niacheni hivi hivi," akasema. "Nileteeni watoto, wanasikia njaa."

Nasi tuliosikia, tushike hili: mtu mjue kwa anayokutendea, si kwa alichobandikwa na fisi. Na ukimwona jirani kabandikwa uongo mgongoni, mwambie! Adabu ya kunyamaza ni adabu gani hiyo?

Hadithi yangu naitua hapo. Atakayeibeba aibebe nzima.

Na wewe uliyekuwa ukitafuna huko nyuma, hebu geuka nikuone.