Mkanda wa Mashine ya Mwalimu

"Mwezi wa nne!" Mwalimu mstaafu alifoka kwenye simu. "Ulisema mwezi wa nane, ukasema wa kumi na mbili, leo unaniambia wa nne. Mashine hii itaota majani!"

"Kazi zimenibana, Mama," mwanawe alijibu kutoka ng'ambo. "Vumilia. Ila usimruhusu mtu aiguse. Imeungua mota, nitakuja na mpya mwenyewe."

"Umejuaje kama ni mota?"

"Si uliisogezea simu nikaisikia ikinguruma?"

"Mota iliyoungua inangurumaje? Wewe ni mhandisi wa barabara, mwanangu. Tangu lini mashine ya kufulia ikawa na lami?"

"Mama, niamini tu. Haya, nitakupigia."

Simu ikakatika. Nyumba ikawa kimya kama darasa siku ya likizo.

Mashine ilikuwa imesimama pembeni miezi mitano. Mafundi walijaa mtaani, na Mwalimu alilijua hilo fika. Lakini maadamu mashine ilikuwa mbovu, mwanawe alikuwa na jambo la kumleta nyumbani. Ikipona, angekuja kufanya nini? Swali hilo alilikwepa kama mtu akwepavyo kugusa kidonda chake.

Kila Jumamosi alifua mashuka mawili kwa mikono: lake, na la kitanda cha mwanawe, ambacho hakikulaliwa na mtu kwa miaka mitatu. Siku hiyo, alipokuwa akilikamua la pili, kifundo cha mkono kilimsaliti. Shuka likatumbukia katika beseni, maji yakamrukia hadi magotini. Mkono ulioshika chaki miaka thelathini na minne ulikuwa umeshindwa na shuka, na hapakuwa na hata mtu wa kumwambia pole.

Nyuma ya ukuta cherehani ilikuwa ikilia. Ilikuwa ya jirani yake, fundi wa nguo. Kwa miaka miwili walikuwa wakikutana kwenye ngazi, habari, nzuri, basi.

"Mwezi wa nne," Mwalimu aliuambia ukuta. Akafuta mikono, akatoka, akaenda kubisha.

"Karibu, Mwalimu. Kwema?"

"Kwema. Mashine yangu ndiyo haijambo kwa jina tu."

Fundi alikuja na bisibisi mkononi na futi shingoni. Alichomoa waya wa umeme kwanza, kisha akatia mkono ndani ya pipa la mashine na kulisukuma. Likazunguka peke yake, jepesi kama pia.

"Inanguruma ila haizunguki?"

"Hivyo hivyo."

"Basi mota ni nzima. Hata cherehani yangu mkanda ukikatika, mota inaimba na gurudumu halichezi."

Walifungua bati la nyuma. Sakafuni, katikati ya vumbi jeusi la mpira, mkanda uliokatika ulikuwa umejikunja kama nyoka.

"Umekaa nao miezi mingapi?"

"Mitano."

"Na mimi nipo hapa ukutani! Si ungebisha?"

"Nilikuwa namngoja mwanangu."

Fundi hakucheka. Alijifuta vumbi taratibu. "Wangu wapo wawili, wote mbali. Mmoja hunifundisha kushona kwa simu."

Hapo ndipo walipocheka, mpaka Mwalimu akaketi juu ya beseni jingine lililopinduliwa.

Waliusoma mkanda wa zamani namba zake, wakaenda pamoja duka la vipuri mtaa wa pili, wakarudi na mwenzake mpya. Fundi alimkabidhi Mwalimu. "Haya, mashine ni yako. Anzia gurudumu dogo la mota, kisha ulivishe lile kubwa huku ukilizungusha."

Mwalimu aliushika mkanda, asiufunge.

"Kuna nini tena?"

"Nikiufunga huu, mwanangu hana cha kumleta."

"Kama mama yake hamleti," fundi alisema, "mota itamleta?"

Mwalimu akainama. Akauvisha mkanda kwenye gurudumu dogo, akalizungusha lile kubwa kidogo kidogo mpaka mpira ukakaa mahali pake. Walipokwisha kurudisha bati, alichukua simu akamwandikia mwanawe: "Ulikuwa mkanda. Tumeshaufunga. Ukija, njoo kuniona mimi."

Akatia mashuka yote mawili, akafunga mlango, akachomeka waya, akabonyeza. Mota ikanguruma, pipa likasita, kisha likazunguka.

"Usiondoke," alimwambia jirani yake, akivuta kiti cha pili ambacho kwa muda mrefu kilikuwa cha kuwekea nguo. "Tuingojee pamoja."

Kweli, fimbo ya mbali, hata ikishikwa na mtoto wa kumzaa mwenyewe, haiui nyoka.